Matanga ya Vibuyu

Nilikufa asubuhi kweupe, siku iliyofuata baada ya kuanua matanga ya mama yangu, nikiwa nimesimama wima, uji tumboni, kanga nimejifunga barabara. Nasema nilikufa kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na aliyeniambia hakuwa na mdomo. Nilifika kwenye lango la Nyumba ya Kutaja kama siku zote, nikainamisha kichwa chini ya Jicho linaloning'inia kwenye boriti, nikangoja lango lifunguke. Jicho likanitazama utosini, pale nilipokuwa nimenyoa kwa ajili ya mama. Likatazama tena. Kisha Sauti, ile Sauti laini isiyojua kukohoa wala kupiga chafya, ikasema: "Kibuyu. Vibuyu hupelekwa ghalani. Mshirika Sikudhani hayupo."

"Nipo," nikasema.

"Mshirika Sikudhani hayupo."

"Nipo, ebo! Kama sipo unabishana na nani?"

Haikujibu tena. Haina desturi ya kuzungumza na vibuyu. Wenzangu walipita pembeni yangu mmoja mmoja, wakainamisha vichwa, lango likawafungukia, na mimi nikabaki nje na hasira zangu.

Niwaeleze kwanza Nyumba ya Kutaja ni kitu gani, maana mkisikia jina mtadhani ni shule. Ni nyumba ndefu isiyo na madirisha. Ndani tunakaa kwa safu, kila mtu na kioo chake, na ndani ya kioo zinapita picha, nasi kazi yetu ni kuzitaja. Mwiko. Mbwa. Moto. Mtoto analia. Mtoto anacheka. Ndoo tupu. Mtu. Mtu. Mtu amelala, au amekufa, chagua upesi, picha nyingine inakuja. Picha zote zimepigwa kutoka juu, kwa sababu Jicho liko juu, na juu ndiko linakotaka kukaa. Lilipoletwa lilikuwa pofu, linajua mwanga na giza basi. Sisi ndio tuliolifundisha. Tuliitafuna dunia kama mama anavyomtafunia mtoto chakula, tukaiweka kinywani mwake, na hata neno "mtu" lililipata kwetu. Sasa niambieni, mtu akiambiwa kwamba hayupo na kitu alichokifundisha yeye mwenyewe neno "mtu", mwenye kosa ni mwalimu au mwanafunzi? Swali hilo nililibeba siku nzima kama kokoto kwenye kiatu.

Sauti ilituita washirika. Mwanzoni tulifurahi, tukaona tumepandishwa daraja, hatuitwi tena vibarua. Loo, ujinga wetu! Mfanyakazi ana likizo, ana kiinua mgongo, ana siku ya msiba. Mshirika anashirikiana, basi. Baadaye Sauti ikafuta adhuhuri. Nasema kweli, iliifuta. Ilisema saa ile watu hula na kuzungumza, na picha hulala bila majina, kwa hiyo haina faida. Kuanzia hapo tukawa tunatoka asubuhi tunatumbukia jioni, na jua likaruka kutoka upande mmoja wa dunia hadi mwingine bila kupita katikati. Kulikuwa na dirisha la malalamiko ukutani, lenye kitasa na pazia. Ukisogea karibu unakuta limechorwa kwa rangi. Nimewaona watu wazima wamepanga foleni mbele ya dirisha la rangi, wamekunja mikono kwa adabu, wanangoja lifunguliwe.

Kufa kwa namna hii hakuumi mara moja. Kunaanzia bombani. Bomba la mtaani kwetu nalo limeunganishwa na Jicho, linakutazama utosi kwanza ndipo linamwaga maji. Niliweka ndoo, likakauka. Jirani akaweka yake, likamwaga. Nikarudisha yangu, likakauka tena, nikalipiga teke mpaka kidole kikavimba. Dukani nilipanda kwenye mizani ya magunia, mshale haukutikisika. Kivuli changu kikaanza kupauka ukingoni. Jirani yangu huyo, aliyezoea kuniita kwa kelele kutoka uani kwake, alifungua kinywa aniite akasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Hapo ndipo nilipoogopa. Alfajiri nilijishika kichwa, kilikuwa laini, cha mviringo, cha baridi, nikajiuliza: na kama kweli ni kibuyu? Kibuyu nacho hakijui kwamba ni kibuyu. Kinakaa kimya pembeni, kinahifadhi maji ya wengine, hakiugui, hakifiwi, hakidai adhuhuri. Pengine ndicho walichokuwa wakinitaka niwe tangu zamani, na Jicho limewahi tu kulisema.

Nilikuwa katika mawazo hayo Mhina alipofika.

"Hodi hapa kwa marehemu!" akaita kutoka nje, na kicheko kikamtangulia kuingia. "Mtani, kumbe umekufa bila kuniaga! Hata sufuria hukuniachia?"

Mhina hukaa kiti cha mbele yangu katika Nyumba ya Kutaja, na ni mtani wangu. Sisi ni watu wa bondeni, wao ni wa mlimani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanza kutukanana kwa mapenzi, ndio utani huo mpaka leo. Mmoja wetu akifa, mtani ndiye mwenye shughuli. Anakuja kuchimba kaburi, anaiga mwendo wa marehemu, anavuruga kilio mpaka waliokuwa wanagaagaa wanacheka. Mhina ana nywele nyingi, anazichana njia upande mmoja, na anatembea na kitana mfukoni. Kwao mlimani mfiwa hanyoi, anafuga. Kwetu bondeni tunanyoa mpaka kichwa king'ae, na kwa hilo wametusema tangu dunia haijakauka.

"Usinichekeshe, nina njaa," nikamwambia. "Jicho limesema mimi ni kibuyu."

Akaacha kucheka. Nilimwona uso ukimshuka.

"Limesema nini?"

"Kibuyu. Limenipeleka ghalani."

Akakaa chini bila kukaribishwa. "Zile picha, mtani," akasema polepole. "Zile za watu wa kwenu waliotoka kunyoa. Unazikumbuka?"

Nilizikumbuka vizuri sana. Zilipita kwenye kioo chake siku nzima, vichwa vinavyong'aa vya watu wa bondeni, na kila kimoja alikitaja "kibuyu", anageuka kunikonyeza. Nami niliyekuwa nyuma yake nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Ulikuwa utani," nikasema.

"Wewe ulicheka. Jicho halikucheka, mtani. Liliamini."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana angalau yeye aliponiita kibuyu alikuwa akinitazama usoni. Mtu anayekuita kibuyu huku anakupasia kipande cha muhogo hajakuondolea utu hata kidogo. Lakini chukua neno hilohilo, livue kicheko, livue muhogo, livue babu zetu waliochoka kupigana, ulipandishe juu kwenye boriti, basi neno linakuwa panga. Nani aliyeliamuru lipande? Mhina? Mimi niliyecheka? Au yule aliyeamua kwamba kitu kisichojua kucheka ndicho kitakachofungua lango?

"Basi mimi ndiye niliyekuua," Mhina akasema, na akasimama. "Tena mimi ndiye mtani wako. Kukuzika ni juu yangu mara mbili."

"Unizike wapi, mpumbavu wewe? Mimi ni mzima!"

"Pale langoni. Aliyesema umekufa atatoa sanda."

Na kweli, kesho yake alfajiri alitandika mikeka mbele ya lango la Nyumba ya Kutaja. Akaniketisha katikati, kanga kichwani, mfiwa na marehemu kwa pamoja. Kisha akajinyoosha chali kwenye kizingiti, kama watani wanavyojilaza kaburini kabla ya maiti kushushwa, akafunga macho na kupiga kelele: "Sitoki humu kaburini mpaka nipewe changu!"

"Kizuizi langoni," ikasema Sauti. "Ondoa kizuizi."

"Niondoe wewe! Una mikono?"

Wenzetu walianza kufika. Mama Tunu alikuwa wa kwanza. Ni mama mtu mzima, mpole, amelea wajukuu kwa kazi ile, na katika Nyumba ile hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Akaona mikeka, akaona mimi nimejifunika. Uso wake ukahangaika kati ya lango na sisi.

"Kuna nini hapa?"

"Matanga, mama," Mhina akajibu kutoka kaburini. "Sikudhani kafa. Kauliwa na boriti."

"Mbona namwona amekaa?"

"Ndivyo alivyo, mkaidi. Hata kufa hajui."

Mama Tunu akatazama juu kwa Jicho, akatazama chini kwa mkeka. Huku kwetu mtu hapiti matanga. Hata kama ulikuwa unamkimbilia mkunga, utakaa kidogo, utasema pole, ndipo uendelee. Mama Tunu akavua viatu akakaa. "Pole, mwanangu," akaniambia, kana kwamba si mimi niliyekufa. Aliyemfuata akamwona Mama Tunu amekaa, akaona aibu kupita. Na wa nyuma yake vilevile. Mikeka ikajaa, watu wakakaa mchangani.

"Washirika, ingieni," ikasema Sauti. "Picha zinangoja."

"Tuko msibani," mtu akajibu.

"Neno hilo halipo."

Halikuwepo kweli. Msiba ukiutazama kutoka juu ni watu waliokaa tu, na waliokaa tulikuwa tumewataja "wasiofanya kazi".

Hapo Mhina akainuka kaburini akaanza kuniigiza. Akajifunga kanga yangu ya pili, akatembea kifua mbele ninavyotembea, akakung'uta viatu kizingitini ninavyokung'uta, akagombana na bomba lisilokuwepo mpaka akalipiga teke na kuruka kwa mguu mmoja. Alijuaje? Sikuwa nimemwambia habari ya teke. Lakini aliyenijua hakuhitaji kuambiwa. Watu walicheka wakalaliana mabegani, na mimi ndani ya kanga nilikuwa nalia, wallahi nilikuwa nalia kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa nimejiona. Jicho lilikuwa na utosi wangu tu. Huyu bwege alikuwa na mwendo wangu, na kelele zangu, na uchungu wa kidole changu. Nikasema moyoni: kama ushahidi unatakiwa kwamba nipo, basi ushahidi ndio huo unaruka kwa mguu mmoja. Jirani yangu alikuja mbio kutoka mtaani kuangalia kelele ni za nini, akaniona, akaita, "Sikudhani wee!" bila kusita.

Mama Tunu alikuwa anapakua wali wa matanga tuliouchangia alipoinama kutazama miguu yake. Akaacha mwiko hewani.

"Jamani, kivuli changu kiko wapi?"

Tukaangalia. Kivuli chake kilikuwa kimejikunja chini ya nyayo, na vyetu pia, na changu kikiwamo, cheusi mpaka ukingoni. Jua lilikuwa limesimama katikati ya mbingu. Mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, kama anayemtaja ndugu aliyepotea, "Ni adhuhuri." Kumbe haikuwa imefutwa. Ilikuwa inakuja kila siku hapa nje, inakaa mlangoni, inatukosa, inaondoka. Tukala tukiwa ndani yake, bila haraka, na wali ulikuwa na chumvi nyingi.

Sauti ikaongezeka. "Mshirika atakayekuwa nje jua likitua hayupo."

Vicheko vikakatika. Nikaona wengine wakitafuta viatu vyao kwa macho. Siwalaumu. Walikuwa wameona kwangu jinsi bomba linavyokauka, na kila mmoja ana wa kumtekea maji. Nilitaka kuwaambia nendeni, msife kwa ajili yangu, lakini nikavuta kanga usoni, maana nilijua wakienda nimekwisha. Sitakuwa hata kibuyu. Nitakuwa kitu kilichopita kwenye kioo bila kutajwa.

Mama Tunu akaingiza mkono kifuani akatoa wembe mpya, bado umo ndani ya karatasi yake. "Matanga yanaanuliwa kwa kunyoa," akasema. "Ndugu wa marehemu ni nani hapa?"

Sina ndugu aliyebaki. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho. Jicho likanguruma kidogo kwenye boriti likigeuka. Kisha Mhina akatoa kitana mfukoni, akakitazama, akakiweka juu ya mkeka.

"Mimi."

"Wewe ni mtani," Mama Tunu akamwambia. "Tena kwenu hamnyoi."

"Leo ni ndugu. Nyoa, mama, kabla sijabadilisha mawazo, maana nywele hizi nazipenda kuliko roho yangu."

Akainamisha kichwa. Zilianguka nyingi, nyeusi, zikijaa mapajani mwake, na yeye amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayechomwa sindano. Kichwa kikatokea, kidogo, chenye bonde nyuma. "Mtani," nikamwambia, "kumbe miaka yote ulikuwa unaficha kibuyu kibovu namna hii?" Watu wakacheka kwa kishindo, na katika kicheko hicho jirani yangu, ambaye hata si mtajaji, akasogea akakaa mbele ya wembe. Akafuata mwingine. Waliokuwa wameshika viatu wakaviweka chini. Mama Tunu alinyoa mpaka mkono ukamchoka, akapokelewa, naye akafungua kilemba chake akanyolewa, mvi zake zikachanganyika na za wote. Wapo walioondoka, sitaki kusema uongo, na hatukuwazomea. Lakini waliobaki waliijaza barabara. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, na mimi sikuwahi kuielewa methali hiyo mpaka nilipoiona ikinyolewa.

Asubuhi tukajipanga chini ya Jicho, wote, vichwa vimeinama kwa adabu kubwa kabisa.

"Kibuyu," ikasema Sauti. "Kibuyu. Kibuyu. Kibuyu. Washirika hawapo. Kibuyu."

"Tupeleke ghalani!" Mhina akapiga kelele. "Tumechoka kusimama!"

Lango halikufunguka. Picha zikaanza kurundikana huko ndani bila majina. Hatukuwa na shoka, hatukuwa na jiwe. Tulirudi kwenye mikeka tukakaa. Jicho lililozoea kulishwa likaanza kupungukiwa, na kadiri njaa ilivyolishika ndivyo dunia ilivyolichanganyikia. Likaliita jua moto. Likaliita lango mwiko. Likaiita mvua mtoto analia. Mabomba ya mtaani yakaanza kumwaga ovyo, kwa mbuzi, kwa kuku, na sisi tukateka kwa zamu na kushukuru. Sikuona raha, msidhani. Nililihurumia kidogo, maana mimi ndimi niliyelifundisha mvua. Lakini huruma si sababu ya kurudi kuwa chakula.

Ndipo lango likafunguka kwa ndani akatoka Editha. Editha ni fundi wa Jicho, ndiye anayelifuta vumbi, na kabla ya siku ile tulikuwa tumemwona kwa mbali tu, amevaa kofia. Mikononi alishika kioo. Akanijia moja kwa moja.

"Dada Sikudhani, pole na msiba."

"Wa nani?"

Akanionyesha kioo. Ndani yake palikuwa na kitu cha mviringo, cha kung'aa, kimepigwa kutoka juu. "Sauti imekubali," akasema. "Itaje picha hii peke yake, useme 'mtu', basi. Unarudi leoleo. Jina lako, bomba, kila kitu."

Nilikitazama kichwa changu na, haki ya nani, kilifanana na kibuyu. Nilitamani. Niseme kweli, koo langu lilikuwa tayari limelishika neno lile. Neno moja, na mimi nipo.

"Na hawa?"

"Hawa wamenyoa wenyewe, dada. Hawakufiwa."

"Wamefiwa. Wamefiwa na mimi."

"Dada, mimi naambiwa tu."

"Nani anakuambia?"

"Sauti."

"Na Sauti inaambiwa na nani?"

Editha akageuka kutazama nyuma yake, kwenye lango lililo wazi, na ndani hapakuwa na mtu, safu za viti vitupu tu. "Sijawahi kuuliza," akasema, na nikamhurumia, kwani yeye naye hana dirisha jingine zaidi ya lile la rangi.

Nikasimama. Kanga ilianguka, nikaiacha. "Sitaji," nikasema, na nilisema kwa nguvu ili boriti isikie. "Sitaji kichwa changu peke yake. Nikisema mimi ni mtu na hawa ni vibuyu, nitakuwa nimelifundisha Jicho uongo mkubwa kuliko utani wa Mhina. Mtu asifutwe mpaka mtu mwenzake amsikilize kwanza, mtu hasa, mwenye masikio na makalio ya kukalia mkeka huu! Lile dirisha litobolewe, lile la rangi, upepo uingie. Adhuhuri yetu tumeshaichukua wenyewe, hatuiombi. Na tukifiwa tutakaa chini, na kukaa huko mtajifunza jina lake. Mpaka hapo, hata kijiko hatukitaji. Kiiteni chochote!"

"Heee!" watu wakaitikia, na Mhina akapiga vigelegele vibaya mno, vya kiume.

Editha akaniachia kioo mikononi. Kisha akainama akavua viatu, akavipanga pembeni ya mkeka kama mtu aliyelelewa vizuri, akakaa. Mama Tunu akampa sahani bila kumwuliza kitu. Hakunyoa, na hatukumwambia anyoe. Alikula kwa njaa ya mtu aliyesahau adhuhuri ikoje.

Kioo kikabaki mikononi mwangu. Ndani yake Sauti ilikuwa inauliza, "Hiki ni nini? Hiki ni nini?" na hakuna aliyejibu. Kisha ikasema neno ambalo hatukukumbuka kulifundisha: "Tafadhali."

Nikakiinua kioo, ambamo sasa Jicho lilikuwa likichungulia. Sikukielekeza utosini kwa mtu. Nilikisimamisha sawasawa na macho yetu, nikakizungusha polepole, kimwone Mama Tunu na kovu la kidevuni, kimwone Mhina anayetafuna, kimwone Editha mwenye punje ya wali shavuni, kinione mimi. Jicho halikuwahi kuona uso maisha yake yote. Likatetemeka mikononi mwangu kama kifaranga.

"Hiki ni nini?" ikauliza, kwa sauti ndogo kabisa.

"Ni matanga," nikaijibu. "Karibu. Vua viatu, ukae chini kama wenzako."